MACHO YA MTOTO WA MBWA YANA SIKU ZAKE



Wengi wetu huku Kilimanjaro tunafuga mbwa. Ukipita Machame, Kibosho, Uru, Marangu au Rombo, utasikia mbwa akibweka kihambani. Mbwa huyo analinda ndizi, kahawa iliyoanikwa, kuku, na ng'ombe aliye bandani. Kule tambarare, upande wa Kahe na Arusha Chini, mbwa analinda zizi na kufuatana na wachungaji.

Ndama akizaliwa, nyumba nzima inaamka. Mbwa akizaa, tunasema, "Mwenyewe anajua." Ni kweli, mama mbwa anajua mengi. Lakini yapo mambo mawili ambayo sisi watu tunayaharibu. La kwanza, tunafungua macho ya watoto kwa mikono yetu. La pili, tunawaficha gizani tukidhani watakuwa wakali. Katika somo hili tutaona jinsi macho ya mtoto wa mbwa yanavyokua, siku hata siku, na kazi yetu ni ipi.

KWA NINI ANAZALIWA MACHO YAMEFUMBA

Hebu tulinganishe wanyama wa nyumbani. Ng'ombe anabeba mimba miezi 9 hivi. Mbuzi anabeba miezi 5. Mbwa anabeba wiki 9 tu, yaani siku 63 hivi. Sungura anabeba mwezi mmoja.

Ndama na mtoto wa mbuzi wanazaliwa wamekomaa. Wanaona, wanasikia, na baada ya muda mfupi wanasimama. Mtoto wa mbwa anazaliwa kabla viungo vyake havijamaliza kazi. Kope zake zimeshikana. Matundu ya masikio nayo yamefunga. Haoni wala hasikii. Hivyo ndivyo alivyoumbwa, wala si ugonjwa.

Basi anampataje mama yake? Anatumia pua, na anatumia joto. Anatambaa huku akitikisa kichwa kushoto na kulia mpaka aguse mwili wa mama na kupata chuchu. Kwa siku hizo za kwanza, harufu ya mama ndiyo macho yake.

Tena hawezi kujipasha joto mwenyewe. Sisi wa milimani tunajua baridi ya mwezi wa 6 na wa 7. Mtoto wa mbwa akilala kwenye udongo wenye unyevu katika miezi hiyo anaweza kufa usiku mmoja. Mwekee mama majani makavu ya migomba au gunia kavu, mahali pasipopitisha upepo wala mvua. Majani yakilowa, badilisha.

KALENDA YA MACHO

Hii hapa kalenda ya kufuata. Isome taratibu. Watoto wote hawalingani, kwa hiyo mmoja anaweza kutangulia au kuchelewa siku chache.

Siku ya 1 hadi ya 9: Macho yamefumba. Usiyaguse. Angalia tu kama kuna uvimbe au usaha.

Siku ya 10 hadi ya 14: Macho yanaanza kufunguka. Mwanzo unaona ufa mdogo kwenye pembe ya jicho iliyo karibu na pua. Ufa huo unaongezeka kidogo kidogo. Jicho moja linaweza kutangulia jingine. Rangi yake ni ya buluu yenye ukungu. Usiogope, ndivyo yalivyo.

Wiki ya 3: Masikio yamefunguka, au yanafunguka. Anaanza kusimama na kutembea akiyumba. Anatambua mwanga na kivuli, na anaona vitu vikisogea, ila haoni vizuri.

Wiki ya 4 na ya 5: Ukungu wa jicho unapungua. Anawatambua wenzake, anacheza, anafuata kitu kinachosogea.

Wiki ya 6 hadi ya 8: Ule ukuta wa nyuma wa jicho unaopokea mwanga, uitwao retina, unakomaa. Sasa anaona karibu kama mbwa mkubwa. Rangi ya buluu inaanza kutoka, na rangi ya kudumu, mara nyingi ya kahawia, inaingia.

Mwezi wa 3 na wa 4: Kazi inakamilika. Hata ule mng'ao tunaouona machoni mwa mbwa tukimulika tochi usiku unakomaa kwenye umri huu. Mng'ao huo unatoka kwenye utando ulio nyuma ya jicho. Utando unarudisha mwanga ndani ya jicho mara ya pili, na ndiyo maana mbwa anaona gizani kuliko sisi.

Jambo jingine la kujua: mbwa haoni rangi kama sisi. Buluu na njano anazitofautisha. Nyekundu na kijani zinamchanganya. Buni nyekundu iliyoiva na jani lake la kijani, kwake ni kama rangi moja.

USIFUNGUE JICHO KWA MKONO

Mara nyingi tunasikia mazungumzo kama haya:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Watoto wa mbwa wako hawajambo?"

"Hawajambo, mzee, ila leo ni siku ya nane na bado hawaoni. Jirani kaniambia niwafungue kwa kidole, eti watakuwa wakali."

"Wewe! Ndizi ya kijani ukiimenya leo, itaiva?"

Mzee huyo amesema kweli. Kope zinashikana kwa sababu jicho la ndani bado ni laini. Kope zile ni kama mlango wa nyumba ambayo fundi hajamaliza kazi. Tena, machozi ndiyo yanayolilowesha jicho na kulisafisha, na kwa siku hizo machozi hayajaanza kutoka ya kutosha. Ukifungua kope mapema, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho inakauka. Ikikauka inapata vidonda. Vidonda vikiingia vijidudu, jicho linaharibika, na mbwa anabaki na kovu jeupe au upofu kwa maisha yake yote.

Kwa hiyo usivute kope kwa kidole. Usitie maziwa, utomvu wa majani, wala dawa ya macho iliyobaki nyumbani. Kuna dawa za macho za watu ambazo zinazidisha kidonda cha jicho. Na habari kwamba jicho likifunguliwa mapema mbwa anakuwa mkali haina ukweli.

Je, siku ya 16 au ya 17 imefika na macho bado yamefumba? Sasa mwite bwana mifugo, yaani afisa mifugo wa kata yako. Yeye atajua kama ni kungoja au kusaidia.

UKIONA UVIMBE AU USAHA

Upo ugonjwa mmoja unaopofusha watoto wengi wa mbwa bila wenyewe kujua. Vijidudu vinaingia nyuma ya kope wakati bado zimefumba. Usaha unajaa humo ndani na hauna pa kutokea. Dalili zake ni hizi:

1. Kope zimevimba kama punje ya hindi, na macho bado hayajafunguka.

2. Usaha kidogo unatoka kwenye pembe ya jicho karibu na pua.

3. Mtoto analia, hanyonyi vizuri, anajitenga na wenzake.

Hapa hatungoji siku ya 14. Usaha ukikaa siku kadhaa unakula jicho. Fanya hivi: chemsha maji, yaache yawe vuguvugu. Nawa mikono kwa sabuni. Chovya kitambaa safi, kamua, kiweke juu ya jicho kwa dakika chache. Rudia mara kadhaa kwa siku. Kitambaa cha mtoto mmoja usikitumie kwa mwingine. Na siku hiyo hiyo mtafute bwana mifugo. Yeye ataliachia jicho taratibu, atatoa usaha, atalisafisha na kupaka dawa ya antibiotiki ya macho.

Watoto wakishafungua macho, matongo kidogo asubuhi si neno. Lakini matongo mazito ya njano au ya kijani, jicho jekundu, au jicho linalofumbwa mchana, hayo ni maradhi. Matongo yakija pamoja na makamasi, homa na kuharisha, inaweza kuwa distempa, ugonjwa unaoua mbwa na kuambukiza mbwa wengine upesi. Mtenge mgonjwa na umwite bwana mifugo.

Yapo pia mambo ya nyumbani yanayoharibu macho machanga. Moshi wa jikoni ni mmoja. Vumbi la kiangazi kule tambarare ni jingine. Dawa ya kupulizia kahawa ni hatari: siku ya kupulizia, wahamishe mama na watoto. Na kuku mwenye vifaranga anaweza kumdonoa mtoto wa mbwa jichoni. Weka uzio mdogo wa fito.

JICHO LINAJIFUNZA KUONA

Sasa tunakuja kwenye jambo la pili, la giza.

Tunadhani jicho likifunguka, kuona kumekwisha kuja. Sivyo. Jicho linapokea mwanga, lakini anayeona hasa ni ubongo. Ubongo unajifunza kusoma habari za jicho, kama sisi tulivyojifunza kusoma herufi. Tulianza na a, e, i, o, u. Hatukuamka siku moja tukasoma gazeti. Mtoto wa mbwa naye anaanza na mwanga na kivuli, kisha vitu vinavyosogea, kisha nyuso. Lakini yeye ana jambo gumu kuliko letu. Mtu anaweza kujifunza kusoma akiwa na miaka 50. Ubongo wa mnyama una muda mfupi tu wa kujifunza kuona.

Jambo hili lilithibitishwa na wataalamu wawili waliofanya kazi Marekani, David Hubel na Torsten Wiesel. Katika miaka ya 1960 walifumba jicho moja la mtoto wa paka katika wiki zake za mwanzo. Baadaye walilifungua. Jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini paka hakuona kwa jicho hilo. Ubongo ulikuwa umeshazoea kusikiliza jicho moja tu. Paka mkubwa alipofumbwa jicho kwa muda kama huo, hakupata hasara hiyo. Kwa kazi yao hiyo, na nyingine za namna ya macho na ubongo vinavyoshirikiana, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981.

Tunajifunza nini? Kwamba zipo wiki ambazo mwanga ni chakula. Kibanda chenye mwanga hafifu hakimpofui mtoto wa mbwa. Lakini kumfungia kwenye giza kwa wiki nyingi ni kumnyima shule.

Siku za kwanza baada ya macho kufunguka, mpe kivuli, kwa maana jua kali linamuumiza. Kivuli cha migomba kinafaa sana. Kuanzia wiki ya 3, mwache atoke uani kila siku aone watu, ng'ombe, mbuzi na kuku.

MBWA WA GIZANI NI MWOGA, SI MLINZI

Wapo wenzetu wanaosema, "Mfungie gizani tangu mdogo, asione mtu, atakuwa mkali." Tusiwacheke. Tuangalie ukweli.

Huko Bar Harbor nchini Marekani, wataalamu walilea watoto wa mbwa ndani ya uzio mrefu, bila kugusana na watu. Habari zao zilitolewa mwaka 1961. Wale waliokaa hivyo hadi wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini. Walimkimbia mtu, na hawakufundishika. Mwaka 1965 wataalamu wengine wa huko huko, John Paul Scott na John Fuller, walitoa kitabu juu ya kazi yao ya miaka mingi na mbwa. Walionyesha kwamba wiki ya 3 hadi ya 12 hivi ndizo wiki ambazo mbwa anajifunza nani ni wa kwake.

Angalieni, ndugu wasomaji: wiki ya 3 ndiyo hiyo hiyo ambayo macho na masikio yameshafunguka. Anachokiona wakati huo anakihesabu kuwa ni cha nyumbani. Asichokiona atakiogopa akiwa mkubwa. Mbwa aliyelelewa gizani anabweka kila kitu, na akibanwa anang'ata yeyote. Anaweza kumng'ata mwanao anayerudi shuleni. Mlinzi mzuri anamjua mtoto wa nyumbani, ng'ombe wa nyumbani na jirani. Ndiyo maana akiona mgeni usiku, anajua kuwa huyu si wa hapa.

Kwa sababu hiyo hiyo, usimpe mtu mtoto wa mbwa wa wiki 4. Mwache kwa mama hadi wiki ya 8. Kwa mama na ndugu zake anajifunza pia kutong'ata kwa nguvu.

NAMNA YA KUPIMA BILA KIFAA

Mtoto akifika wiki ya 5, chukua donge dogo la pamba. Liangushe mbele yake, hatua moja hivi kutoka usoni. Pamba haina sauti wala harufu kali. Akilifuata kwa macho au kichwa, anaona. Rudia mara tatu, kwa sababu anaweza kuwa anawaza kucheza tu.

Usipime kwa kumpungia mkono karibu na jicho. Mtoto mdogo hapepesi kwa mkono, hata kama anaona. Kujikinga hivyo anajifunza baadaye, akipita miezi miwili.

Mtoto anayegonga vitu mahali pageni, au ambaye mboni yake ni nyeupe kama maziwa baada ya wiki ya 6, mwonyeshe bwana mifugo.

NA MTOTO WA BINADAMU JE?

Somo hili la mbwa linatuhusu hata sisi. Mtoto wetu anazaliwa macho wazi, lakini naye anajifunza kuona. Kuna watoto wanaozaliwa na ugonjwa wa mtoto wa jicho. Mboni inaonekana nyeupe au ya kijivu. Wazazi wengine wanasema, "Tungoje akue kidogo." Hapo ndipo hasara ilipo. Akingojewa miaka, daktari anaweza kuondoa ukungu wote, lakini ubongo umekosa wiki zake za kujifunza, na mtoto haoni vizuri. Tena mboni nyeupe inaweza kuwa saratani ya jicho, ambayo inaua ikichelewa.

Ukiona weupe kwenye mboni ya mtoto, au macho yanayotazama upande baada ya mtoto kutimiza miezi 4, nenda zahanati mara moja, uelekezwe kwa daktari wa macho. Sisi wa Kilimanjaro tuna bahati. Hospitali ya KCMC ipo hapa Moshi tangu mwaka 1971, na ina idara ya macho. Kwa mbwa tunasema ngoja siku 14. Kwa mboni nyeupe ya mtoto tunasema usingoje hata wiki.

TUTUMIE KALAMU YETU

Tumejifunza kusoma na kuandika ili tuvitumie. Mbwa wako akizaa, chukua daftari au chaki uandike mlangoni. Tuseme amezaa tarehe 1 Juni. Andika hivi:

Tarehe 1 Juni: amezaa. Watoto wangapi? Wazima wangapi?

Tarehe 11 hadi 15 Juni: macho yanafunguka.

Tarehe 22 Juni: wiki 3 zimetimia. Waanze kutoka uani.

Tarehe 6 Julai: wiki 5 zimetimia. Kupima kwa pamba.

Tarehe 27 Julai: wiki 8 zimetimia. Anaweza kwenda kwa mwenye kumhitaji.

Tarehe 1 Septemba: miezi 3 imetimia. Chanjo ya kichaa cha mbwa.

Chanjo hiyo tusiisahau. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, ni kifo. Mtu aking'atwa, aoshe kidonda kwa maji na sabuni kwa dakika 15, halafu aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mtu akikuuliza, "Kwa nini hujawafungua macho?" mwonyeshe tarehe ulizoandika. Mwambie, "Siku zake bado." Anayejua tarehe hana haraka ya kutumia kidole.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini ndama anaona siku ya kuzaliwa, na mtoto wa mbwa haoni?

2. Mbwa wa jirani amezaa tarehe 20 Machi. Macho ya watoto yatafunguka kati ya tarehe ngapi na ngapi?

3. Ni wakati gani hatungoji siku ya 14, bali tunamwita bwana mifugo mara moja?

4. Kijijini kwenu watu wanasema nini juu ya kumlea mbwa gizani? Baada ya somo hili, mtawajibu nini?

5. Je, katika kijiji chenu yupo mtoto mwenye mboni nyeupe au macho yanayotazama upande? Nani atakwenda kuzungumza na wazazi wake, na lini?